Daktari wa Watoto na Jicho la Bibi

Miaka ile serikali iliporuhusu tena zahanati za watu binafsi, mtaa wetu wa Majengo ulijaa vibao. Kibao kimoja kilitaja akina mama, mifupa, moyo, macho na ngozi, vyote kwa daktari bingwa mmoja. Cha baba yangu kiliandikwa "Daktari wa Watoto", basi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikimsaidia mapokezi, na mara nyingi nilimwona mtu mzima akikisoma, akigeuka, akivuka barabara.

Jambo hilo lilimuuma sana bibi, mama yake baba. Alishuka kutoka mlimani na ndizi zake, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mwanawe alisomea kitu kimoja tu miaka yote ile.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Shambani akawa anachuma kahawa mbichi pamoja na zilizoiva, akisingizia ukungu wa asubuhi. Baba alimkalisha karibu na dirisha, akammulika kwa tochi, akamwambia ana mtoto wa jicho, na kwamba atampeleka kwa daktari wa macho akapasuliwe.

Bibi aliisukuma tochi kando.

"Si umesema ni mtoto?" akauliza. "Na wewe si daktari wa watoto?"

Baba alicheka mpaka akavua miwani. Bibi hakucheka. Alisema aliyemsomesha ni yeye, si mtu mwingine, kwa hiyo hicho kisu atakishika mwanawe. Baba akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ningeweza kurudi darasani nikasomea na macho. Wapo waliosomea fani mbili na wanaziweza. Lakini ubingwa ni mkono unaofanya kazi ile ile kila siku, na wangu umezoea watoto. Siwezi kujifunzia kwenye jicho lako."

Bibi akakubali, kwa shingo upande.

Daktari wa macho alikuwa amesoma na baba. Alimwamkia bibi shikamoo, akamshika mkono, akaingia naye. Baba alibaki nje nami, bila koti jeupe, akimuuliza muuguzi maswali yale yale ambayo akina mama humuuliza yeye: ataumia, atakula lini, naweza kumwona?

Bandeji ilipofunguliwa kesho yake, bibi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akampapasa kichwa.

"Umeota mvi," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

Tangu hapo, kila aliposhuka mjini, alikuja na watoto wa majirani, wenye vikohozi na homa, mama zao wakimfuata nyuma. Mama mmoja aliwahi kuomba naye aangaliwe mgongo. Bibi akamjibu kwamba mwanawe hagusi migongo, akanyoosha kitenge chake na kuketi, amejaa majivuno.