Haijakatika, Imechomoka

Maabara nzima inamwita Mama Kano, maana kazi yake ni kuvuta kano, zile kamba ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, mpaka zikatike, kisha asome zimehimili nguvu kiasi gani. Huzipangusa kwa vidole vyake vinene, huzibana kwenye meno ya mashine, halafu hutega sikio kama anayesikiliza umbea. Ukimuuliza siri ya kano iliyokomaa, hukuonyesha mshono wa koti lake: "Nyuzi zikilalana tu, huteleza. Zikishonana ubavu kwa ubavu, utavuta mpaka uchoke."

Leo mashine ililia mapema, nguvu ikiwa bado ndogo. Daktari aliyengojea kujua wagonjwa wake walioshonwa kano waanze lini kukanyaga aliinua kalamu. "Imekatika, mama. Niandike?"

"Haijakatika, mwanangu, imechomoka. Namba hiyo ni nguvu ya meno ya mashine, si ya kano."

Akairudisha kwenye meno, kwa mara ya sita leo, akakaza skrubu hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Safari hii kano ilipasuka katikati, na namba ikawa maradufu. Daktari akaandika. Mama Kano alijisugua kovu refu juu ya kisigino, pale kano yake mwenyewe ilipowahi kushonwa, akasema, "Lete nyingine."