Kadi Alizochomewa Mwalimu Bang

Mwalimu Bang Hak-su hakuwa na rafiki mjini kwetu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomchukia zaidi. Alifundisha historia katika shule iliyo nyuma ya soko. Alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, mtu wa kukusahihisha tarehe hata msibani. Likizo zake zote zilikwisha kwa Mzee Eom Tae-bok, mwezeka paa, aliyebaki peke yake kati ya waliocheza taekyeon, mchezo wetu wa kale wa mateke, kabla Wajapani hawajatutawala. Mzee alirusha mguu polepole uani, Bang akachora na kuandika, kila teke na kadi yake.

Mwaka huo wa 1974 nilikuwa na miaka ishirini na sita, msaidizi wa Kocha Maeng. Ukumbi wetu wa mazoezi ya mateke ulikuwa juu ya duka la mbegu, na Maeng aliwaambia wazazi kwamba mateke yake yalirithiwa kutoka kwa mashujaa wa ufalme wa kale wa Silla, baba kwa mwana. Ndipo Bang akaandika katika gazeti la mkoa. Alisema kumbi kama zetu zilianzishwa na watu waliojifunza karate Japani. Alisema taekyeon ilikuwa mchezo wa wachukuzi na walevi wa siku ya gulio, kijiji cha juu dhidi ya kijiji cha chini, na mshindi alinyweshwa pombe ya mchele.

Maeng alimkuta kwenye kibanda cha tambi, watu wamejaa.

“Mwalimu, wewe Wajapani walikulisha nini hata uwapende hivi?”

Bang alimeza kwanza. “Nionyeshe mwalimu wa mwalimu wako, Kocha. Jina tu. Nitaliandika leo leo.”

Maeng akaanza tena habari za Silla. Watu wawili watatu walicheka, wakiinamia bakuli zao, na kicheko kile ndicho kilichotuharibu.

Siku iliyofuata, Bang akiwa darasani na mkewe ametoka kwenda kuchuma kabichi, tuliingia kwake, Maeng, mimi na mwenzetu mmoja. Mimi ndiye niliyebeba sanduku la bati alimoweka kadi zake. Tulizichoma kadi zote kwenye jiko la makaa la ukumbini. Niliitazama ya juu kabla ya kuitia motoni. Ilikuwa na mtu wa mistari, mguu mmoja hewani, na maandishi madogo kama chawa. Sikuona aibu. Nilihisi tumeshinda.

Polisi walimwambia Bang kwamba karatasi si mali. Naye akachukua daftari jipya, akarudi kwa Mzee Eom kuanza upya. Lakini Maeng alikuwa amemtangulia. Mzee hakujua kusoma, kwa hiyo Maeng alimsomea makala nzima, akasita makusudi pale Bang alipoandika kwamba Eom wa kijiji cha juu aliangushwa mara tatu kwa siku moja, akalia mbele ya watu. Bang alikuwa ameyapata hayo kwa mjane wa yule aliyemwangusha Mzee, kule kijiji cha chini.

“Nilikupa miguu yangu,” Mzee alimwambia mlangoni, “ukaenda kuokota udaku wa wanawake.”

“Je, ni uongo, Mzee?”

“Si uongo. Toka.”

Angeweza kuomba radhi. Mkewe alimsihi aombe, apeleke hata kikapu cha matunda ya persimoni. Alikataa, akisema hawezi kuomba radhi kwa jambo la kweli. Mzee Eom alifariki majira ya baridi yaliyofuata bila kumfungulia tena.

Bang aliandika kitabu kwa kumbukumbu tu. Alichokumbuka alikichora, asichokumbuka aliacha ukurasa mtupu, na chini yake sentensi moja: kadi hii ilichomwa. Majina yetu hakuyataja.

Miaka tisa baada ya kadi kuchomwa, serikali iliuingiza mchezo ule katika urithi wa taifa. Kwenye sherehe Maeng alisimama mbele, amevaa mavazi meupe ya hariri, akahutubia kuhusu Silla. Kitabu cha Bang ndicho wakaguzi wa serikali walichotumia, lakini hakualikwa. Mimi, tangu nikisome, nilikuwa nimeshaachana na Maeng, nafundisha taekyeon kwenye ghala la zamani, kitabu hicho hicho mkononi, nikiziruka kurasa zile tupu.

Ukurasa mmoja ulinitesa. Teke la kisigino linajulikana na teke la paja linajulikana, lakini kiungo cha kutoka la kwanza kwenda la pili hakipo. Wanafunzi walijikwaa hapo kila mara. Mwishowe nilikwenda kwake. Alikuwa uani akianika pilipili, nywele zimekwisha. Nilimwinamia, nikamwambia mimi ni nani, ingawa alijua. Nikauliza.

“Ningekijua ningekiandika,” alisema. “Ulikishika mwenyewe. Hukutazama?”

Nikasema nilitazama kadi moja tu, na siikumbuki.

Aliendelea kugeuza pilipili hadi mkeka ukaisha. Kisha akanyanyuka, akanisindikiza hadi langoni kama mgeni asiyekaribishwa tena.

“Usiwaambie wanafunzi wako kwamba kilipotea,” alisema. “Waambie kilichomwa, na nani alichoma.”

Akafunga. Nilikaa mwezi mzima kabla ya kuwaambia. Wanne waliacha mazoezi siku hiyo hiyo, na sijawalaumu.