Kikundi cha Ngoma cha Akidor

Akidor alikuwa mjane wa Kakuma mjini. Kila asubuhi alijitwika kuni, akavuka mchanga wa mto Tarach na kwenda kuzibadilisha kwa unga katika kambi ya wakimbizi. Kucheza alikuwa ameacha. Edonga, ile ngoma ya Waturkana ya kuruka, aliizoea akitazamana na mumewe, na tangu mume azikwe, miaka sita, hakuwa ameruka tena.

Jumapili moja mwaka 2012 aliwakuta vijana wa Sudan Kusini wakicheza nje ya kanisa la mabati kambini. Wawili, Tut ambaye ni Mnuer na Atem ambaye ni Mdinka, walikuwa wameinua mikono juu ya kichwa, wameipinda kama pembe za ng'ombe. Akidor akatua mzigo.

"Hiyo nani amewafundisha?"

"Ni ya kwetu, mama," Tut akajibu. "Hii ni ng'ombe ya baba."

"Hapana. Hiyo ni ng'ombe ya mzee yangu." Akainua mikono yake, mmoja ukielekea mbele, mwingine nyuma, kama zilivyokuwa pembe za fahali wa marehemu mumewe. Vijana wakacheka, wakampisha katikati. Akaruka. Siku hiyo kuni hazikuuzwa.

Kikundi kilianza hivyo. Wasichana wa Kikongo walileta viuno vyao, vijana wa mjini wakaleta mitindo ya Nairobi, na Akidor aliwagombeza wote kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Shemeji zake walimsema: mjane mzima anarukaruka na watoto wa wageni! "Miaka sita nimekaa kimya," aliwaambia. "Nani alikuja kuniuliza?"

Siku ya Jamhuri ya 2013, Kenya ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru, walialikwa Lodwar. Akidor alisimama katikati, Tut kulia, Atem kushoto, wakapaa na kutua pamoja hadi vumbi likawafunika magoti. Watu walipanda juu ya viti wawaone. Kwenye lori la kurudi Atem alisinzia begani kwa Tut, na Tut hakumwamsha mpaka Kakuma.

Siku tatu baadaye vita vilizuka Juba, Wadinka kwa Wanuer. Simu zilianza kuleta majina ya waliokufa. Dada wawili wa Tut walikuwa wameuawa. Kisha mapigano yakafika Bor, kwao Atem, na mama yake Atem hakuonekana tena. Kambini, Wanuer na Wadinka wakaanza kulinda mitaa yao kwa marungu.

Akidor alimfuata Tut kwake. "Njoo mazoezi, mwanangu."

"Mama, nikimwona Atem naona mtu aliua dada zangu."

"Atem alikuwa hapa na wewe. Alikula sahani moja na wewe."

"Najua." Tut alijifunika uso kwa shati. "Najua, mama. Na bado namwona."

Akidor akaenda kwa Atem. Hakufunguliwa. Kijana alisema kutoka ndani, "Mwambie asipite huku. Mimi simfanyi kitu. Lakini hapa kuna watu watamuua."

Jumapili iliyofuata walikuja wasichana wanne tu. Waliimba kidogo, wakaenda zao.

Kabla mwaka haujaisha Tut alipanda gari la kwenda mpakani kumtafuta baba yake. Akidor alimpa kibuyu cha maziwa na kumsihi asiende. "Niombee, mama," ndilo alilosema, mara mbili, kisha gari likaondoka.

Kutoka hapo Akidor alipitia kwa Atem. Safari hii mlango ulifunguliwa. Kijana alikuwa amekonda, macho mekundu.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Amesema nini?"

Tut hakuwa amemtaja. Akidor aliutazama ukuta wa udongo.

"Amekusalimia," akasema. "Amekusalimia sana."

Atem alikaa chini palepale mlangoni, akalia kwa sauti. Akidor akakaa naye.