Kubebeshwa na Kujitwika

Juzi, nje ya chumba kimoja cha mahakama hapa Nairobi, mama mmoja, shahidi wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, alitoka kutoa ushahidi akaketi kwenye benchi akijipepea kwa leso.

"TV ni yangu, imeibwa, halafu wakili wa huyo mwizi ananiuliza maswali ni kama mimi ndio niliiba!"

Kwenye benchi lile lile alikaa wakili mgeni, Mwitaliano anayejua Kiswahili. Akamwambia, "Mama, zamani kwetu jaji ndiye alikuwa anahoji mashahidi. Siku hizi tumewaachia mawakili, kama hapa kwenu."

Mama akaacha kujipepea. "Mliletewa na mkoloni kama sisi?"

"Hapana. Tulichagua wenyewe."

Sisi tulibebeshwa, wenzetu wakajitwika. Mama akamshika mkono kama anayemfariji mtu aliyefiwa.

"Woiye! Pole sana."