Biskuti za Atupele

Ipo Jumapili moja ya Masukulu ambayo naikumbuka kila ninapomwona mama kijana akimchania mtoto paketi kwa meno. Siipendi siku hiyo, mwanangu, na kwa miaka mingi nimeizungumzia na Mungu tu. Lakini juzi Neema, mke wa mjukuu wangu, aliniuliza swali hapa nyumbani Tukuyu, machozi yakanitangulia kabla ya jibu. Nimeona heri niliandike jibu lenyewe kuliko kufa nalo.

Alikuwa anamfungia mtoto mkoba wa shule. Akatia biskuti, akatia juisi ya boksi, akatia na krispi. Nikamwuliza, "Mama, mtoto atakula nini leo?"

Akacheka. "Si hivyo, Bibi? Angalia, wameandika kuna vitamini na madini. Na mimi nachelewa kazini. Au hiki siyo chakula?"

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi? Alichokiuliza yeye kwa kucheka, mimi nilikijibu zamani kwa kichwa kigumu, na nikakosea.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimeolewa Masukulu kutoka kwetu Mpuguso, mume wangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha chai na mimi nachuma majani shambani. Mzaliwa wetu wa kwanza aliitwa Atupele, maana yake kwa Kinyakyusa, Mungu ametupa. Nilimwachisha ziwa mapema, ana mwaka na miezi michache, ili niwahi shambani kabla ukungu haujainuka. Mchuma chai akichelewa, wenzake wanashika mistari mizuri, naye anabaki na makapi. Mimi sikuwa mtu wa kuachiwa makapi. Nilikuwa hodari na mbishi, tena ubishi ndio uliozidi.

Sasa sikiliza ujinga wenyewe. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe wa maziwa. Migomba ilifika mpaka mlangoni, maharage yamejaa darini, kuku wanataga ovyo kwenye majani makavu. Maparachichi yalikuwa yanaanguka yenyewe, tunawatupia nguruwe. Lakini maziwa yote, ya asubuhi na ya jioni, niliyapeleka kwa mnunuzi, na mayai nikawauzia watu wa mjini, kwa sababu nilitaka nyumba ya bati kama ya jirani. Halafu siku ya soko napanda Tukuyu, narudi na biskuti tamu na ule unga wa juisi ya machungwa wa kukoroga na maji. Paketi ya biskuti ilikuwa na picha ya mtoto mnene anacheka. Niliiamini picha ile kuliko shamba langu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi wangu niliuacha, na teke juu.

Atupele alikuwa anashinda na mama mkwe. Mama yule alikuwa fundi wa mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, anazichanganya na maharage, na nyama siku ikipatikana. Nikamkataza asimpe mtoto. Nilimwambia maharage yatamjaza tumbo, ndizi ni nzito, lakini biskuti unailoweka tu kwenye juisi, mtoto anameza, kazi imekwisha.

"Haya, mwanangu," alisema, akainama kuchochea moto. Nikaona nimeshinda.

Baba mkwe naye aliona. Lakini hapo palikuwa na mwiko, na lazima nikueleze, maana ninyi wa siku hizi mnakaa na baba wakwe sebule moja mnaangalia taarifa ya habari. Kwetu wakati ule mkamwana na baba mkwe walikuwa hawaonani. Huongei naye, huli mbele yake, jina lake hulitaji. Ukimwona njiani unaingia kwenye migomba na kujifunika kanga mpaka apite. Mzee akija upande wa nyumba yangu alikuwa anakohoa tangu mbali ili nipate kujificha. Miaka mitatu ya ndoa, nilikijua kikohozi chake kuliko sura yake.

Kwa hiyo alituma maneno kupitia kwa mkewe. Mara ya kwanza alisema mtoto apewe maziwa. Nikajibu maziwa yana mteja. Mara ya pili akauliza mbona nywele za mtoto zimekuwa nyepesi na rangi ya kutu. Nikasema ni jua. Jua gani, mwanangu, Rungwe hii, ambako nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu hazijakauka? Mara ya tatu mama mkwe alikuja taratibu, akasema, "Mzee anasema mtoto hachezi." Nikamjibu neno baya ambalo silirudii hapa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyosema, lakini guu lililovunjika halikuwa langu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Maana kwa macho yangu Atupele alikuwa ananenepa! Mashavu yalijaa, miguu ikajaa. Wachumaji wenzangu walimsifu, "Huyu mtoto kama wa mjini." Nikaringa nao njia nzima.

Jumapili hiyo tulikuwa tumetoka kanisani. Mimi niko jikoni, mtoto nimemkalisha kizingitini na biskuti mkononi, wala hali. Nikaona giza mlangoni bila kusikia kikohozi. Nilipoinua macho nikaona mgongo wa mzee, koti lake la kanisani limelowa mabegani kwa manyunyu. Alikuwa amenipa mgongo, anatazama migomba. Nikavuta kanga usoni, nikatafuta pa kukimbilia, na jiko halikuwa na mlango wa pili.

"Mkamwana," alisema, "usikimbie. Anayevunja mwiko ni mimi, siyo wewe. Nimetuma maneno mara tatu, yamerudi. Leo nimeyaleta mwenyewe."

Haikuwa ruhusa kumjibu, nikajibana ukutani na kanga usoni.

"Mshike mtoto mguu. Mbonyeze kwa kidole gumba, hesabu mpaka kumi, halafu achia. Utakachokiona usinieleze mimi. Mpeleke hospitali."

Akaondoka. Nikabonyeza, nikahesabu, nikaachia. Shimo la kidole changu likabaki pale pale kwenye mguu wa mwanangu, kama vile nimebonyeza unga uliokandwa. Nikajaribu mguu wa pili, ikawa vile vile. Haukuwa unene, yalikuwa maji. Nilipiga ukunga mpaka majirani wakaja mbio. Mzee alikuwa ameshafika njiani, na hakugeuka.

Hospitali walisema ni utapiamlo. Nesi akaniuliza nyumbani kwetu tunalima nini. Nikamtajia, ndizi, maharage, mahindi, viazi, na ng'ombe tunaye. Akaacha kuandika, akaniangalia. Bora angenitukana.

Walimlisha maziwa maalumu kidogo kidogo. Siku ya tano alinyoosha mkono mwenyewe kutaka kikombe, nikalia kwa furaha mbele za watu. Siku ya saba nimonia ikamkuta hana nguvu ya kushindana nayo. Alifariki saa tano asubuhi nimempakata. Alikuwa mwepesi, kwa sababu maji yalikuwa yameshatoka, na ndipo nikaona mwanangu mwenyewe alivyokuwa mdogo siku zote zile.

Tulimzika nyumbani, karibu na migomba. Hakuna aliyenilaumu, hata mama mkwe ambaye alikuwa na haki. Baada ya matanga mwiko ukarudi mahali pake. Mzee akija anakohoa, nami najificha, hivyo hivyo miaka kumi na minne. Sikuwahi kumwambia ndaga, ambalo kwetu ndiyo asante, wala kumwomba radhi. Sura yake niliiona vizuri mara ya kwanza akiwa ndani ya jeneza. Alikuwa na masikio makubwa na kovu dogo kidevuni. Nilimshukuru pale nilipokuwa, kimoyomoyo, na nikajua nimechelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa jibu lako, Neema, na lako pia mwanangu unayesoma. Chakula cha haraka chaweza kuwa chakula bora cha mtoto? Ndiyo, chaweza. Usije ukasema Bibi anachukia haraka. Nimeamka gizani miaka mingi, najua mama mwenye kazi anavyobanwa. Yai linachemka wakati unamvalisha sare. Parachichi linataka kisu tu. Ndizi mbivu imefungwa na Mungu mwenyewe, hata paketi haihitaji. Maziwa ya kuchemsha, maharage ya jana ukiyapasha vizuri, karanga kwa mtoto aliyekwisha kujua kutafuna, hivyo vyote ni vya haraka na vinamjenga. Biskuti na juisi mpe siku ya sikukuu afurahi, mimi sikatai. Ila usiviite mlo. Vinamnyamazisha mtoto, havimkuzi.

Na hayo maandishi ya kwenye boksi yasome, lakini umsome na mtoto. Anacheza? Nywele zake zikoje? Anaongezeka urefu, au anajaa tu? Mpeleke kliniki akapimwe hata kama mtaa mzima unamsifu, maana kusifiwa unene si kupimwa. Siku hizi malori yanafuata maparachichi yetu mpaka shambani, yale yale niliyokuwa nawatupia nguruwe. Uza, mwanangu, usiache kuuza. Lakini la mtoto litoke kwanza, kabla hujaanza kuchambua ya mnunuzi. Maziwa nayo vile vile, kikombe chake kitangulie.

Na mtu akikuletea neno juu ya mwanao, hata kama ni mkwe unayemwona mshamba, hata kama limekuchoma, lipokee mara ya kwanza. Mimi nililetewa mara nne, na ile ya nne ilimgharimu mzee heshima yake.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na mkoba unaoufunga kila asubuhi. Wanao wawe watundu, wakuchoshe kwa mbio, wakue wakupite kimo mpaka uwatazame kwa kuinua shingo. Na siku yako ikifika, wakuzike wao. Usije ukawazika wewe.