Unga Mweupe Kwenye Sensa

Kaimenyi, fundi wa magari hapa Nkubu, ana jambo moja analojivunia kupita kiasi: injini aliyoifunga haivuji oili. Siri yake ni silikoni nyekundu, gundi ya kuzibia maungio ya injini, ambayo huipaka kwa ukarimu kama mtu anayewapakia wageni siagi kwenye mkate. Aliyemharibia sifa ni mimi, au tuseme gari langu.

Alinifungia injini vizuri, oili ikakoma kuvuja. Wiki tatu baadaye taa ya injini ikawaka na petroli ikawa haikai. Kaimenyi akasema sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachopima moshi kwenye ekzosi, imekufa. Akaweka mpya kutoka duka la spea la Gichovi, rafiki yake tangu shule ya msingi. Ikafa. Akaweka ya pili, nayo ikafa.

Hapo akapandwa na mori. Akaenda dukani na kumwambia Gichovi mbele ya wateja, "Wewe siku hizi unauza feki tu!" Mwezi mzima hawakusalimiana, hata kanisani. Niliumia, maana wote ni watu wangu.

Jumamosi moja, akitafuta ushahidi, Kaimenyi akazipasua sensa zote mbili nikiwepo. Ndani mna kidole cha kauri kilichopakwa platini nyembamba, yenye vitundu vya kupitisha oksijeni. Vikiziba, injini haijui tena ichome petroli kiasi gani. Alitarajia masizi meusi. Akakuta unga mweupe.

Akakamua silikoni yake kwenye kipande cha bati, akaichoma. Ikabaki unga mweupe vilevile. Kumbe injini ilikuwa ikivuta mvuke wa silikoni, ikiuchoma, na unga ukitua kwenye platini.

"Mwalimu," akaniambia, "nimetukana mtu bure."

Tukaenda dukani. Palikuwa na wateja wanne, na hakungoja watoke. "Gichovi, sensa zako ziko sawa kabisa. Ni mimi niliziua na silikoni yangu. Unisamehe."

"Silikoni gani?"

Kaimenyi akatoa tyubu mfukoni. Gichovi akaitazama, kisha akageukia rafu nyuma yake, ambako tyubu kama hizo zilijaa safu mbili.

"Ai! Si ni mimi nilikuuzia hiyo?"

Tulicheka mpaka wateja wakatushangaa. Kaimenyi akaifungua injini, akakwangua silikoni yote na kuweka gasketi ya kawaida. Sensa ya tatu inafanya kazi, na Jumapili wanakaa benchi moja, mimi nimebanwa katikati.

Siku hizi gari langu linadondosha oili kidogo. Kila asubuhi napangusa na kitambaa, na sitamwambia mtu.