Kidole cha Nabwire

Kabla hajalazwa, Kageha wa Khayega alijulikana kwa pembe. Mwenye mgongo mbovu au goti lililovimba alimfuata nyuma ya nyumba, akaketi kwenye kigoda, naye Kageha akamchanja kidogo kwa wembe, akabandika pembe ya ng'ombe, akafyonza hewa na kuliziba tundu la ncha yake kwa nta. Damu nzito ilitoka, mtu akaenda zake akijisikia mwepesi. Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake, Nabwire, mwanamke mrefu asiyependa kubishiwa, ambaye alikuwa akiumika watu kwa pembe hivyo tangu wazungu walipokuja kuchimba dhahabu Ikolomani.

Mwaka ule wa Uhuru, Kageha alipomzaa Khisa, mguu wake wa kushoto ulivimba kuanzia nyonga hadi vidole, ukang'aa kama mtungi uliopakwa mafuta. Mumewe akampakia kwenye baiskeli hadi hospitali, mjini Kakamega. Daktari akaubonyeza mguu, akasema bonge la damu limeziba mshipa. Likikatika na kupanda mapafuni, Kageha hatapata hata nafasi ya kuaga.

Basi akawa anadungwa sindano za kulainisha damu ili bonge lisizidi kukua. Kila asubuhi Sista Jepkemboi alimtoa damu kidogo, akaitia kwenye kichupa chembamba cha kioo, akakifumbata kiganjani na kukiinamisha tena na tena huku akitazama saa. Damu ikiganda upesi, dawa iliongezwa. Ikichelewa mno, ilipunguzwa.

"Sista, wewe unasonga obusuma, ugali wa kwetu," alitania Zuena wa Mumias, aliyelala kitanda cha pili. "Maji yakizidi ni uji, unga ukizidi ni jiwe."

"Na wewe kazi yako ni kuonja tu," sista akamjibu, kisha akamgeukia Kageha. "Mama Khisa, mtu asikukate popote. Hata meno usiyasugue kwa nguvu. Damu yako sasa haijui kusimama."

Kageha aliitikia. Lakini mguu ulimuuma, na moyoni aliona ajabu kwamba mguu umejaa damu na hakuna anayeitoa.

Saa ya kuwaona wagonjwa Nabwire akaja na kikapu cha ndizi. Chini ya ndizi palikuwa na pembe na wembe.

"Wanakudunga tu, na mguu bado uko hivi?" aliuliza, akifunua blanketi. "Sisi tunatoanga damu kwanza."

"Sista amekataza, mama."

"Sista amezaa wangapi? Lete mguu."

Tangu aolewe, Kageha hakuwahi kumkatalia Nabwire neno. Akaunyoosha mguu.

Wembe ulipita mara moja tu juu ya kifundo. Nabwire hakupata nafasi ya kubandika pembe, kwa maana damu iliyotoka haikuwa ile waliyoizoea. Ilikuwa nyekundu sana na nyepesi, ikateremka kisiginoni kama maji ya bomba. Wakangoja. Leso ikalowa, kisha shuka.

"Itakoma," Nabwire alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Haikomi, mama. Bonyeza. Namwita sista."

"Ukimwita watanipeleka polisi."

"Nisipomwita utanizika."

Kageha akaita kwa sauti iliyofika mlangoni. Jepkemboi alipokuja mbio, Kageha alimwambia kabla hajaulizwa, "Tumekata, sista. Sisi wawili."

Sista hakupoteza muda kwa kugomba. Aliuinua mguu juu ya mito, akakunja kitambaa, akatafuta mahali pa kukandamiza, na akakuta kidole gumba cha Nabwire kimeshafika pale pale, kimekaza kama msumari.

"Kidole hicho kisitoke hapo," akasema, akaenda kumwita daktari.

Daktari akaja, akauchunguza mguu. Ilikuwepo dawa ya kuikaza damu mara moja, alisema, lakini akiikaza yote, bonge litapata nguvu na kwenda mapafuni. Akiiacha ilivyo, mgonjwa ataishiwa damu. Akaamua sindano inayofuata isidungwe, kidonda kikandamizwe, na damu ipimwe kichupani hadi ianze kuganda.

Jepkemboi akakiinamisha kichupa. Damu ikatiririka. Akapima tena baadaye, ikatiririka polepole. Zuena aliacha utani, akawa anasoma dua chini chini. Kila Kageha alipovuta pumzi, wote walimtazama kifua. Nabwire alichuruzika jasho, lakini kidole hakikusogea.

Jua lilipokuwa limeegemea madirisha ya upande wa pili, sista alikiinamisha kichupa na damu ikabaki mahali pake. Akamwonyesha Kageha.

"Toa kidole, mama," Kageha akasema.

Nabwire akakitoa. Hakuna kilichotoka.

Sindano zikaanza tena, kidogo kidogo, na kichupa kikapimwa kwa makini zaidi. Mguu ukapungua. Siku daktari alipomruhusu, Kageha alikataa baiskeli. Yeye na Nabwire walipanda basi hadi kituo cha Khayega, wakashuka, na hapo Nabwire akajitwika mzigo wa mke wa mwanawe, jambo ambalo sokoni hakuna aliyewahi kuliona.

"Nabwire, siku hizi umekuwa mpagazi wa mkamwana?" mwuza viazi mmoja akamchokoza.

"Nyamaza uuze viazi," Nabwire akasema. "Huyu alinifunga mdomo akiwa amelala kitandani. Akisimama je?"

Wanawake wakacheka, mmoja akapiga vigelegele, na wengine wakadakia. Kageha akapita katikati yao kwa miguu yake miwili, Khisa mgongoni, na hakuharakisha hata kidogo.